Evelio Marulanda na Kisanduku cha Amri

Kwa miaka mingi Evelio Marulanda alifungua kinywa kwa almojábana, kile kimkate cha jibini na mahindi, na sisi wenzake ofisini tukaamini kwamba hakuna chakula anachokipenda zaidi duniani. Siku yake ya kuzaliwa tulimletea kapu zima. Alikula, akatikisa kichwa kushukuru, akarudi kwenye kompyuta yake. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alichokuwa anakitaka kila asubuhi dukani ni pandebono, mkate mwingine wa jibini, ila herufi ya kwanza ya neno hilo ilikuwa inamkwama mdomoni, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaochelewa kazini. Almojábana inaanza na irabu. Inateleza yenyewe. Basi akawa mtu wa almojábana.

Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alizaliwa Neira, mwendo mfupi tu kutoka Manizales, mji wetu wa milimani, mama yake akiwapikia wachumaji wa kahawa. Shuleni mwalimu alipoita majina wenzake walijibu "nipo", yeye alinyoosha mkono. Alivyozidi kukua alijifunza kwamba neno likikugomea hupigani nalo, unapita uchochoro. Akishindwa kusema "Jumatatu" alisema "siku inayoifuata Jumapili". Akishindwa kusema "mama yako" alisema "yule aliyekuzaa". Watu wasiomjua walidhani ni mshairi.

Alisomea kompyuta kwa sababu aliyoniambia mwenyewe: kompyuta inasubiri. Kile kijiti kinachowakawaka kwenye skrini hakikodoi macho, hakikumalizii sentensi, wala hakiangalii saa.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya fundi wa miwani, kwenye mtaa wenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha chungwa mlangoni unalifuata kwa basi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo uitwao Corral, ambao kliniki za mifugo za mkoa mzima ziliutumia kupitia mtandao: mbwa ameingia, ng'ombe amechanjwa, paka ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mwenye kampuni alikuwa Piedad Londoño. Evelio ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu. Mimi, Marleny, nilikuwa napokea simu za wateja, maana yake kazi yangu ilikuwa kutukanwa kwa adabu. Manizales hata matusi hutolewa kwa heshima.

Mteja aliyenitukana kwa heshima kuliko wote alikuwa Dokta Ludivia Giraldo wa Chinchiná. Asubuhi moja alipiga simu.

"Dada Marleny, habari za asubuhi."

"Nzuri, Dokta. Za huko?"

"Huku nimemshika paka. Mkono wangu wa kulia uko shingoni kwake, na meno yake yako kwenye mkono wangu wa kulia. Nimebakiwa na wa kushoto. Sasa niambie, safari hii chanjo mmeificha wapi?"

"Bonyeza Wagonjwa, Dokta. Halafu Historia. Halafu Kinga. Halafu angalia upande wa kulia juu, kuna vidoti..."

"Vidoti."

"Ndiyo, Dokta."

"Ngoja nimwambie paka avumilie kidogo, kuna vidoti."

Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika kwa sababu nilikuwa nakunywa kahawa. Evelio alikuwa amesimama karibu na jiko la umeme, akijimiminia kikombe cha maji moto ya sukari guru. Alisikia yote. Alisimama pale mpaka kikombe kikapoa, akakimwaga, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Wiki ile ile tulikuwa na kikao. Piedad alisema wateja wanalalamika kwamba menyu zimekuwa nyingi na hawaoni vitu, kwa hiyo anapendekeza menyu zipakwe rangi ya chungwa. Aliuliza kama kuna mwenye maoni. Evelio alinyoosha mkono, akachomeka waya wa kompyuta yake kwenye skrini kubwa ya ukutani. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Katikati ya skrini kikatokea kisanduku chembamba, nafasi ya mstari mmoja wa maandishi, basi. Akaandika "cha", na kabla hajamaliza neno, amri ya kuchanja ikajitokeza chini yake. Akagonga kitufe cha kuingiza. Ukurasa wa chanjo ukafunguka.

"Menyu imeenda wapi?" Piedad akauliza.

"Ipo," Evelio akajibu. "I-imepumzika."

"Na hiki ni nini?"

"Ki-kisanduku. Unaandika unachotaka. Kinafanyika."

Hakukibuni yeye, wala hakudai hivyo. Waandishi wa programu wana visanduku vya amri kwenye zana zao siku zote, na hawawezi kufanya kazi bila hivyo. Ila hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu aliyeng'atwa na paka anakihitaji kuliko wao. Piedad alikiangalia kwa muda, akauliza kama kinaweza kuwa cha rangi ya chungwa. Evelio akasema ndiyo, na jambo likapita.

Siku ya majaribio tuliteremka Chinchiná, mimi na yeye. Mimi nilikwenda kuongea. Dokta Ludivia alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, buti za mpira miguuni, na kwenye meza yake ya kompyuta kulikuwa na kichupa cha dawa ya minyoo kikitumika kushikilia karatasi. Evelio akamwonyesha vile vitufe viwili. Dokta akabonyeza, kisanduku kikaja, akaandika "kata". Hakikutokea kitu.

"Mbona hakijui?"

"Kata nini, Dokta?" nikauliza.

"Kata! Kuhasi. Mbwa, paka, nguruwe. Ndiyo kazi ninayoifanya kutwa nzima hapa."

Nikamweleza kwamba kwenye mfumo jambo hilo linaitwa "Taratibu za upasuaji wa mfumo wa uzazi".

"Nani analiita hivyo?"

Aliyeliita hivyo ni Piedad. Sikumtaja.

"Dada Marleny, mwenye nguruwe akija hapa nimwambie, karibu, nguruwe wako anasubiriwa kwenye taratibu za upasuaji wa mfumo wa uzazi? Atageuza njia na nguruwe wake."

Evelio akacheka. Nilikuwa nimefanya naye kazi muda mrefu na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Alicheka bila kukwama hata kidogo.

Kwenye basi la kurudi, ukungu umeshuka mpaka barabarani na dereva anaendesha kwa kukumbuka, aliniambia maneno mengi kuliko aliyoniambia mwaka mzima. Alisema kila mtu ana neno lake linalomjia lenyewe, na sisi tunawalazimisha watu watumie letu. Alisema anajua mateso ya kuwa na jambo kichwani huku neno linalotakiwa halitoki. Kisha akasema kisanduku lazima kikubali neno la mwenye nacho, liwe lolote.

Akaanza kazi. Kisanduku chenyewe alikipata tayari, ni vitu vinavyotolewa bure kwenye mtandao, lakini sehemu ya majina aliitengeneza kwa mkono wake. Amri yoyote ya Corral iliweza kupewa jina jipya na mtumiaji. Jina moja liliweza kubeba amri kadhaa zikifuatana. Mtu akikosea herufi, kisanduku kilisamehe. Amri unayoitumia mara kwa mara ilipanda juu yenyewe. Kila kitu kiliweza kufanywa kwa mkono mmoja, na huo mmoja uwe wa kushoto. Alihangaika sana na vile vitufe viwili vya kukifungulia, maana vivinjari vya mtandao navyo vinavitaka kwa mambo yao, na hakutaka kuiba cha mtu. Mwishowe akaacha kila mtumiaji achague vyake.

Wateja walikipokea kama mvua. Wakaanza kubatiza. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza wanaendeleaje, kwa hiyo nilisikia majina. Kliniki moja ya Villamaría ilikuwa na amri ya kumruhusu mgonjwa iitwayo "fukuza". Daktari mmoja wa Anserma aliita amri ya kuahirisha miadi "mama mkwe", na alipoombwa maelezo akasema hayapo. Dokta Ludivia aliweka "kata" siku ile ile ya kwanza. Msaidizi wake Yamile, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, alijitengenezea neno la kufungia siku: aliwachagua wanyama wote waliohudumiwa, akaandika "kwaheri", na kwa pigo moja faili za siku za wote, waliotoka na waliolazwa, zilifungwa, na wenye nao wakatumiwa ujumbe wa simu wa kushukuru. Kazi iliyokuwa ikimla jioni nzima ikawa ya kupepesa jicho. Alinipigia kunishukuru, jambo ambalo kwenye kiti changu halikuwa la kawaida, nikadhani ananitania.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Evelio hakulifikiria. Maneno ya kila mtu yalihifadhiwa kwa jina analoingilia kwenye mfumo. Na kliniki ya Chinchiná, Dokta na Yamile, waliingia kwa jina moja, la Dokta, kwa sababu Dokta alisema hana nafasi kichwani ya nywila nyingine.

Basi ikafika Ijumaa moja. Adhuhuri paka wa Bibi Ofelia Arango, mshona nguo wa pale mjini, alifia mezani kwa Dokta. Alikuwa paka mzee, figo zimechoka, hakuna aliyekosea. Dokta alimpigia Bibi Ofelia simu, haikupokelewa. Akakaa kwenye kompyuta kuandika kifo. Jina rasmi la amri hiyo lilikuwa refu na baridi, na Dokta hakulipenda. Akaipa lake. Akaandika "kwaheri".

Kisanduku kilipokea. Hakikuuliza kama neno hilo lina mwenyewe. Kilifuta maana ya zamani kikaweka mpya, kimya kimya, kama mtumishi mtiifu. Dokta akalitumia kwa yule paka, Bibi Ofelia akatumiwa ujumbe wa pole, na Dokta akaondoka na buti zake kwenda shamba moja bondeni ambako farasi alikuwa ameshindwa kuzaa. Bondeni huko simu hazishiki.

Alasiri Yamile akafunga siku. Akawachagua wote, akaandika "kwaheri", akagonga kitufe, akavua miwani.

Ule ujumbe wa pole Piedad alikuwa ameutunga mwenyewe. Ujanani aliandika mashairi. Ulisema hivi: "Familia mpendwa, kwa moyo uliopondeka tunawajulisha kwamba" — hapo mashine inaweka jina la mnyama — "ameitwa kwenye malisho yasiyokauka. Hakuwa mnyama, alikuwa ndugu." Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya ofisi yetu.

Wa kwanza kupiga alikuwa Yamile.

"Dada Marleny, samahani kwa usumbufu. Nadhani nimewaua wanyama wote wa leo."

"Umewauaje, Yamile?"

"Kwa kibodi."

Sikuwahi kuuliza zaidi, kwa sababu laini ya pili ilikuwa inaita.

"Habari za jioni, mama. Mimi ni Octavio wa duka la vyuma. Nimepokea pole zenu, nimeguswa sana. Ila mbwa wangu yuko hapa mbele yangu anatafuna kiatu. Sasa nashindwa, niendelee kuomboleza au nimnyang'anye kiatu?"

"Mnyang'anye, bwana Octavio."

"Asante sana. Na nyinyi Mungu awape subira."

Simu zikafuatana. Wengi walikuwa na wanyama wao nyumbani, wakawa wanacheka au wanatukana, kila mtu kwa malezi yake. Waliokuwa na shida ni wale ambao wanyama wao walilazwa kliniki na hawawezi kuwaona. Familia moja ilifika kliniki na sepetu na maua kumchukua kobe wao akazikwe. Yamile akawaonyesha kobe. Lakini kobe aliyetishwa na kilio huingia ndani ya gamba, na akiwa humo hana namna ya kuthibitisha kwamba yu hai. Ilibidi waketi wamsubiri.

Piedad alitoka ofisini kwake ameshika kichwa. Evelio alikuwa amekwisha kuzuia ujumbe usiendelee kutoka na alikuwa ameiona sababu. Alikuwa mweupe kama chokaa.

"Tutume ujumbe mwingine wa kukanusha," Piedad akasema.

Evelio akatikisa kichwa. "U-ujumbe ndio uliowaua. Nani atauamini u-ukiwafufua?"

Alisema kweli. Piedad akasema basi tutapiga simu, mtu mmoja mmoja, yeye na mimi, na Evelio abaki kwenye mashine aitengeneze. Evelio akavuta kiti mpaka kwenye meza yangu, akachukua simu ya ziada, akaiweka mbele yake.

"Evelio, si lazima," Piedad akamwambia. "Kwa kweli hakuna anayekutazamia wewe..."

"Ki-kisanduku ni changu," akasema.

Mtu wa kwanza aliyempigia alikata simu akidhani ni mzaha wa watoto. Wa pili naye alikata. Nilimwona akifuta kiganja kwenye suruali. Wa tatu alikuwa Mzee Gildardo Arias, mjane aliyeishi peke yake nje ya Chinchiná, ambaye mbwa wake Canelo alikuwa amelazwa baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Simu ya Evelio ilikuwa kwenye spika kwa sababu hakujua jinsi ya kuiondoa, kwa hiyo nilisikia.

"Haloo," ikasema sauti ya mzee. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ametoka kulia.

"Mzee Gi-Gildardo. Mimi natoka Corral. Ka-ka-ka..." Jina la mbwa lilikataa. Akaliacha. "Yule mbwa wako. Yu... yu h-h-h..."

Hapo ndipo alipoganda. Neno "hai" lilikataa katakata. Nilitaka kumnyang'anya simu niliseme mimi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka, na Piedad akaushika.

"Taratibu, mwanangu," mzee akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Evelio akavuta pumzi. Akapita uchochoro.

"Amekula," akasema.

"Nani amekula?"

"Mbwa. Leo ja-jioni. Amekula."

"Amekula nini?"

Evelio akatazama skrini, faili la kliniki lilikuwa wazi mbele yake. "Kuku. Na wali. Ameacha wali."

Upande wa pili mzee alikohoa, kisha hakukohoa tena, ikawa kitu kingine. Tulisubiri wote watatu. Baadaye akasema, "Wali haupendi. Hajawahi kuupenda," na akauliza anaweza kwenda kumchukua lini.

Baada ya hapo Evelio hakukata tamaa tena. Alipiga simu polepole, moja baada ya nyingine, na nikaona kwamba watu walimsikiliza yeye kuliko walivyotusikiliza sisi. Mimi nilikuwa nasema haraka, kwa ufasaha, na watu waliniuliza mara mbili mbili kama nina hakika. Mtu anayetaabika kiasi kile kutoa neno, hakuna aliyefikiri kwamba anadanganya.

Tulikuwa tumebakiza wachache laini yangu ya pili ilipoita, nami nilikuwa kwenye laini na mwenye mbuzi aliyetaka kujua kama mbuzi akishafufuliwa na mfumo atahitaji chanjo upya. Evelio akapokea kwa niaba yangu, kwa ile simu yake ya spika.

"Haloo, jamani!" Sauti ya mwanamke, imejaa furaha. "Mimi Ofelia Arango, mshona nguo. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya tangu mchana, simu nimeifungua nakutana na ujumbe wenu, nimelia mpaka nimechoka. Sasa hivi jirani yangu kaja mbio ananiambia, Ofelia, usilie, ni mashine imekosea, mbwa wa Octavio naye waliambiwa amekufa na sasa hivi anakula viatu! Sasa nauliza, kliniki inafungwa saa ngapi? Nataka nikamchukue Zafiro wangu leo leo. Nimeshatoa kapu lake."

Evelio akaangalia skrini. Nikamwona akisoma mstari ule mara moja, halafu tena. Zafiro, adhuhuri, kabla ya wengine wote. Aliyeandika: Dokta.

Nikaweka simu ya mwenye mbuzi kifuani, nikamwashiria Evelio anipe. Piedad naye akainuka. Evelio akageuza kiti, akatupa mgongo.

Alikuwa na vichochoro vingi pale. "Kupumzika" alikuwa analiweza. "Kutuacha" analiweza. "Malisho" alikuwa nayo, yametungwa na Piedad. Nilimjua, nilijua anayapitia kichwani moja moja. Lakini baada ya alasiri ile yote, na mwanamke yule ameshatoa kapu, kila neno la kuzunguka lingeacha mlango wazi kidogo, naye angeingia nao na kutumaini.

"Bibi Ofelia," akasema. "Wa-wale wengine ni kosa letu. Zafiro a-a-a... Zafiro a-am... am-m-m..."

Ilichukua muda. Siwezi kusema ni mrefu kiasi gani. Shingo yake ilikaza mpaka mishipa ikaonekana. Bibi Ofelia hakusema kitu upande wa pili, na hakukata.

"Amekufa," Evelio akasema.

Tulimsikia mwanamke yule akiketi. Kiti chake kililia.

"Sawa," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Ulipokuwa kwenye herufi ya kwanza mimi nilikuwa nimeshajua. Ila nilitaka ulimalize." Akavuta kamasi. "Aliteseka?"

"Hapana. Fa-faili linasema alikuwa usingizini. Dokta alikuwa naye."

"Mwanangu, jina lako nani?"

Na jina la ukoo wake, Marulanda, lilikuwa mojawapo ya yale yaliyomtesa kuliko yote, kwa hiyo alisema Evelio tu.

"Asante, Evelio," Bibi Ofelia akasema, na akakata simu.

Evelio akaenda kunawa uso. Aliporudi alimalizia watu waliobaki kwenye orodha yake, akavaa koti, akatuaga kwa mkono.

Jumatatu aliivunja ile sehemu ya majina akaijenga upya. Kila mtu akawa na maneno yake chini ya jina lake. Neno likiwa na mwenyewe tayari, kisanduku kinakuonyesha maana yake ya kwanza na kukuuliza kama unataka kumnyang'anya. Amri zisizorudi nyuma ziliandikwa wazi kabla hazijatekelezwa, mnyama gani na nani ataambiwa, na ujumbe ulikaa kwanza kabla ya kutoka ili mtu aweze kuurudisha. Na kifo hakikuweza tena kuandikwa kwa zaidi ya mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Piedad aliuliza itakuwaje ukizuka ugonjwa wa kuku, kuku wanakufa banda zima. Evelio akasema basi waandikwe mmoja mmoja, kuku naye ana siku yake. Wafugaji wa kuku walilalamika, na kusema kweli wana haki, na mpaka leo jambo hilo halijatatuliwa.

Dokta Ludivia alirudi kutoka bondeni akiwa amemzalisha farasi salama, akakuta mji unamwita mchawi. Alikubali Yamile awe na jina na nywila yake peke yake. Alikwenda kwa Bibi Ofelia kwa miguu, akakaa naye, walichozungumza hakituhusu. Kwetu alipiga simu.

"Dada Marleny, habari za asubuhi."

"Nzuri, Dokta. Samahani sana kwa yaliyotokea."

"Yameisha. Ila mwambie aliyetunga ule ujumbe kwamba farasi wa kwanza nitakayempoteza, nikimwambia mwenye naye kwamba hakuwa mnyama bali ndugu, atanipiga."

Nilimwambia Piedad. Ujumbe ukafupishwa. Ukawa unasema mnyama amekufa, na kwamba daktari atapiga simu.

Kliniki moja ilituacha baada ya mkasa ule, na haikuwa ya Chinchiná. Nyingine zilikuja, kwa sababu habari ya mfumo ulioua mji mzima ilisambaa, na pamoja nayo ikasambaa habari ya kisanduku. Mzee Gildardo alikuwa akipiga simu ofisini mara kwa mara bila sababu ya kiufundi. Hakuwa hata mteja, mteja alikuwa Dokta. Aliuliza kama yupo yule kijana wa taratibu. Evelio hakuwa kijana, lakini alipokea, na kwa muda mrefu nilimsikia akiuliza juu ya Canelo, kidonda chake na chakula chake. Kigugumizi hakikuisha wala kupungua. Ila siku hizi akifika kwenye neno gumu mara nyingine anabaki nalo, na anayesubiri anasubiri.

Mwaka uliofuata Piedad alirudi kutoka kwenye mkutano mmoja huko Medellín akiwa na moto mpya. Alituita sote, akasema kisanduku ni kizuri lakini kuandika kumepitwa na wakati. Sasa watu wazungumze tu. Daktari aseme neno kwa mdomo, mashine isikie, ifanye. Alimtazama Evelio, macho yanang'aa.

"Unaonaje?"

"La," Evelio akasema, kwa wepesi mkubwa, na akateremka mtaani kununua kahawa.